Vin Scully: Sauti na Kimya

Vin Scully (1927–2022) alianza kutangaza besiboli ya timu ya Dodgers huko Brooklyn, Marekani, mwaka 1950. Timu ilipohamia Los Angeles mwaka 1958 aliifuata, akaitumikia hadi 2016. Katika televisheni alitangaza pia gofu, tenisi na kandanda ya Kimarekani. Hata hivyo, umahiri wake ulidhihirika zaidi aliponyamaza. Tarehe 8 Aprili 1974, mjini Atlanta, Hank Aaron, Mmarekani mweusi aliyekuwa ametishiwa kuuawa, alivusha mpira juu ya uzio kwa mara ya 715, akaipita rekodi ya Babe Ruth. Scully aliuachia umati usikike. Kisha akawakumbusha wasikilizaji: mtu mweusi anashangiliwa katika majimbo ya Kusini. Hapo utangazaji uligeuka ushahidi wa historia.