Barua zilizopigana vita: posta ya hatari kati ya Ziwa Albert na msitu wa Ituri, 1886–1889

Mwezi Aprili 1888, Kavalli, mtawala wa nyanda za juu zinazolitazama Ziwa Albert kutoka magharibi, alituma watu wake wawili kwenye msafara wa Henry Morton Stanley. Walikuja na habari kwamba bwana wao anatunza kifurushi kidogo cheusi, amana ya mzungu waliyemwita Malleju, mwenye ndevu. Kifurushi kilipofika na ule mfuniko mweusi wa kitambaa cha mafuta ukafunguliwa, ndani kulikuwa na barua ya Emin Pasha, gavana wa Misri katika jimbo la Ekwatoria. Aliiandika Tunguru, ufukoni kaskazini mwa ziwa, mwezi Machi mwaka uleule. Alikuwa amesikia fununu za wageni upande wa kusini, akawa anamwomba Stanley abaki pale alipo mpaka yeye aje kwa meli yake ya moshi.

Kavalli aliitunza barua hiyo wiki kadhaa na wala hakujua imeandikwa nini. Tena aliitunza kwa ajili ya watu ambao miezi minne tu nyuma, Desemba 1887, walikuwa wamepita nyanda hizohizo wakipiga bunduki na kuchoma nyumba katika vita vyao na watu wa Mazamboni. Angeweza kuitupa motoni, na hakuna ambaye angejua. Vitabu vya safari ile vimejaa sifa za Stanley, za Emin na za maofisa wao Waingereza, naye Kavalli hutajwa kama mtu wa pembeni. Mimi namweka mbele. Stanley, aliyekuja kumwokoa Emin, alikwisha kufika ziwani Desemba, hakukuta mtumbwi wala habari ya Emin, akarudi msituni mikono mitupu. Mara hii ya pili aliikuta barua kwa sababu mtawala mmoja wa huku kwetu aliamua kwamba amana ni amana.

Ndugu msomaji wa Kpandroma, wa Djugu au wa Mahagi, kisa hiki kilipita mlangoni petu. Ziwa ni lilelile wanalovuka wachuuzi wetu. Wadelai, makao ya Emin, iko ng'ambo ya mpaka, upande wa Uganda, karibu kabisa na Mahagi. Vita vilivyoleta barua hizo vilianzia mbali, Sudan, ambako Muhammad Ahmad aliyejitangaza kuwa Mahdi aliinuka dhidi ya utawala wa Misri. Khartoum ilipoanguka tarehe 26 Januari 1885 na Jenerali Gordon kuuawa, Emin na askari wake walibaki kusini wamekatwa. Njia ya Nile ilifungwa. Kuanzia hapo kila karatasi iliyotoka au kuingia ilibidi ipite Bunyoro kwa Kabarega, kisha Buganda kwa Mwanga, kisha mwendo mrefu wa misafara hadi Zanzibar.

Waziri mkuu wa Misri, Nubar Pasha, alimwandikia Emin kutoka Cairo tarehe 27 Mei 1885 kwamba Sudan inaachwa, na yeye afanye atakavyoona vema. Barua hiyo, iliyoandikwa kwa Kifaransa, ilimfikia tarehe 26 Februari 1886. Ni miezi tisa. Ndani ya miezi hiyo gavana alikuwa akiitetea nchi ambayo wakubwa wake walikwisha kuitoa. Askari wanalishwa, ngome zinajengwa, watu wanakufa, na aliyeamuru mambo hayo yaishe amekaa Cairo akiamini ujumbe umefika.

Wabebaji ndio waliolipa. Mfanyabiashara Mwarabu kutoka Afrika ya Kaskazini, Mohammed Biri, alikuwa akisafiri kati ya Buganda na Wadelai na barua na bidhaa za Emin. Mwitalia Gaetano Casati alikaa kwa Kabarega kama mwakilishi na mtunzaji wa posta. Januari 1888 Kabarega, akishuku kwamba barua hizo zinamwitia jeshi, aliwakamata wote wawili. Casati alinyang'anywa mali, akafukuzwa, akanusurika. Biri aliuawa. Wala Kabarega hakukosea kushuku. Miaka michache baadaye jeshi kweli lilikuja Bunyoro, likiongozwa na Waingereza.

Mambo haya yalikuwa na historia ndefu upande wa pwani. Barua za kwanza za Kiswahili tunazozijua, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu huko Kilwa mwaka 1711, ni barua za siasa za wakati wa vita. Waomani walikuwa wameiteka Ngome ya Yesu ya Mombasa Desemba 1698, baada ya mzingiro ulioanza 1696. Wareno walikuwa wamebaki Msumbiji wakitafuta njia ya kurudi, na watu wa Kilwa wakawaandikia wao na washirika wao huko. Barua hizo zimehifadhiwa hadi leo katika nyaraka za Goa, nchini India. Wareno waliirudia Mombasa mwaka 1728 na kufukuzwa tena 1729. Kwa hiyo zaidi ya karne moja na nusu kabla ya kifurushi cha Kavalli, Waswahili walikwisha kujua kwamba katika vita karatasi ni silaha, na kwamba kumwandikia adui wa adui yako ni jambo la kifo na uzima. Watoto wa pwani hiyo ndio waliobeba mizigo ya Stanley. Mamia ya watu aliowaandika Zanzibar mwanzoni mwa 1887 waliingia Ituri wakisema Kiswahili, na misafara ya namna hiyo, pamoja na ile ya watu wa mfanyabiashara Tippu Tip, ndiyo iliyotuletea lugha ninayoiandika hapa.

Wapagazi hao ndio waliokuwa posta. Tarehe 16 Februari 1888, kutoka Ngome Bodo ambayo Stanley aliijenga ndani ya msitu wa Ituri, watu 20 walitumwa na barua kwa Meja Edmund Barttelot, aliyeachwa nyuma Yambuya na kikosi cha pili. Stanley aliwaahidi pauni kumi kila mmoja. Mwezi Agosti, akirudi mwenyewe kumtafuta Barttelot, aliwakuta njiani. Walikuwa wameshambuliwa kwa mishale, baadhi wamekufa, waliobaki wamechoka na kujeruhiwa, na barua bado wanayo. Hakukuwa tena na mtu wa kuisoma. Barttelot alikuwa ameuawa kwa risasi Banalya tarehe 19 Julai. Watu walikufa wakibeba karatasi kwa maiti. Nikisoma majina ya maofisa Waingereza yaliyoandikwa kwa ukamilifu na cheo, kisha hao 20 wakatajwa kwa idadi tu, huona kwamba haki bado haijatendeka.

Lakini barua iliyofanya makuu katika vita hivi ilikuwa ile aliyoibeba Stanley mwenyewe. Khedive Tewfik wa Misri alimwandikia Emin tarehe 1 Februari 1887. Aliwasifu maofisa, akathibitisha vyeo vyao, akaahidi kwamba watakaofuatana na Stanley hadi Misri watalipwa mishahara yao yote. Watakaopenda kubaki wabaki kwa hiari yao, wasitegemee msaada wowote wa serikali. Stanley alimkabidhi Emin barua hiyo baada ya wao kukutana ufukoni tarehe 29 Aprili 1888. Kisha akamwacha ofisa wake kijana, Arthur Mounteney Jephson, ili azunguke na Emin kuisoma mbele ya askari, kituo kwa kituo.

Agosti walifika Laboré. Jephson akaisoma barua, Emin akaieleza kwa Kiarabu. Ndipo askari mmoja akatoka mstarini na bunduki yake, akasema barua hiyo ni ya uongo. Hoja yake ilikuwa wazi na yenye akili. Kama kweli imetoka kwa Effendina, yaani Khedive, ingewaamuru waende, isingewaambia wafanye wapendavyo. Tena njia ya Misri wanaijua moja tu, ya Khartoum, na hawa wageni wamekuja kutoka upande usiojulikana. Vurugu zikaanza. Siku chache baadaye Emin na Jephson walikuwa wafungwa huko Dufile, na maofisa waasi wakiongozwa na Fadl el Mulla wakashika madaraka.

Tusimame hapo. Barua ilikuwa ya kweli. Mhuri ulikuwa wa kweli, na sahihi pia. Wale askari hawakuikataa kwa ujinga. Waliipima kwa kila kitu walichokijua kuhusu serikali: serikali huamuru, serikali huja kwa mto, serikali haiachi watu wake. Maandishi yalikuwa kinyume na uzoefu wao wote, na uzoefu ukashinda. Nasema walikuwa na haki ya kutilia shaka, maana ndani yake barua hiyo ilikuwa kweli inawaacha. Ilifungwa tu kwa maneno ya heshima.

Waasi wakiwa bado wanabishana, Oktoba 1888 Omar Saleh, jemadari wa upande wa Mahdi, alifika Lado kwa meli tatu. Hakuanza kwa risasi. Alituma madarweshi watatu chini ya bendera nyeupe na barua kwa Emin. Ndani yake alieleza jinsi Khartoum ilivyoanguka na Gordon alivyokufa, akamwita Emin aingie katika dini na amani ya Mahdi, na kumwahidi usalama. Waasi waliifungua barua hiyo, kisha ilibidi wamwendee mfungwa wao Emin kutaka shauri. Madarweshi wale watatu waliteswa ili watoe siri, nao hawakutoa. Mwishowe waliuawa. Wajumbe chini ya bendera nyeupe! Hata katika vita vile vikali hilo lilikuwa aibu, na Jephson aliyekuwa kifungoni nao aliliandika kwa uchungu, akisifu ushujaa wa watu ambao walikuwa adui zake.

Lado na Rejaf vilikuwa vimekwenda. Miongoni mwa vitu vilivyoingia mikononi mwa askari wa Mahdi ni nakala ya ile barua ya Khedive. Hapo ndipo karatasi ilipopigana vita mbali kuliko bunduki yoyote. Desemba 1888, huko Suakin kwenye Bahari ya Shamu, Osman Digna, jemadari mwingine wa upande wa Mahdi, alimpelekea Jenerali Grenfell wa Uingereza barua kwamba Emin ametekwa pamoja na mzungu mwingine, na kama ushahidi akaambatanisha nakala hiyo. London ilishtuka, na jambo hilo likajadiliwa bungeni. Nakala ilikuwa halisi, habari iliyoibeba ilikuwa ya uongo. Wakati huo Emin na Jephson walikuwa tayari huru. Novemba waasi, kwa kuwaogopa askari wa Mahdi, walikuwa wamewaachia waende Wadelai, kisha Selim Bey, mmoja wa maofisa wa jimbo, akawarudisha nyuma watu wa Omar Saleh huko Dufile.

Stanley alizipata habari za uasi na za vita hivyo kwa mpigo tarehe 16 Januari 1889, kwa mtawala Gavira, si mbali na kwa Kavalli. Barua ya Jephson ilikuwa imeandikwa Dufile tarehe 7 Novemba, na kuongezewa maneno Wadelai tarehe 24 Novemba na Tunguru tarehe 18 Desemba, kila nyongeza ikigeuza ile iliyotangulia. Stanley alijibu kwa ukali, akamwamuru Jephson aje mara moja. Emin naye alifika Februari. Tarehe 10 Aprili 1889 msafara wa watu wapatao 1,500 uliondoka kwa Kavalli, na tarehe 4 Desemba ukafika Bagamoyo.

Selim Bey hakuwahi siku hiyo. Yeye na watu wake walichelewa, wakabaki nyanda hizi zetu, wakalima na kuoa na kuzaa, wakiwa bado wanajihesabu askari wa Khedive. Septemba 1891 Kapteni Frederick Lugard aliwakuta kwa Kavalli, akawachukua kuelekea Uganda, askari mia kadhaa na maelfu ya familia na wafuasi. Wazao wao ndio Wanubi wa Bombo nchini Uganda, na wenzao walihamia Kibera, Nairobi.

Leo huku Djugu habari za vita hazipiti tena kwa Kabarega. Zinafika sokoni Kpandroma kwa simu, kwa sauti iliyorekodiwa na mtu asiyejulikana, au kwa tangazo la kikundi chenye silaha lenye mhuri na sahihi. Watu husikiliza, kisha huamua kufunga vibanda au kuendelea kuuza. Hupima kama yule askari wa Laboré alivyopima: nani amesema, amepitia njia gani, na kwa nini asiseme waziwazi. Tangu hali ya dharura ya kijeshi ilipotangazwa Ituri mwezi Mei 2021, matangazo ya pande zote yamezidi, na kila moja ni hati ya historia, hata lile la uongo.

Tunajua kisa cha Kavalli kwa sababu Stanley na Jephson walitunza barua zao na kuzichapisha vitabuni. Barua zetu wenyewe za vita vya 1999 hadi 2003, za watawala wa jadi kwa makamanda, za mapadri kwa maaskofu, za wakimbizi waliovuka kwenda Uganda wakiulizia ndugu zao, nyingi zimeungua pamoja na nyumba. Zilizobaki ziko katika masanduku ya mabati na mifuko ya nailoni, zikiliwa na mchwa. Walimu wa historia, wakuu wa sekta, mapadri na wachungaji: ombeni ruhusa ya wenyewe, zipigeni picha, mziandikie tarehe na jina la kijiji, nakala moja iende Bunia na nyingine ibaki kwa mwenyewe. Na wewe uliye na barua kama hiyo nyumbani, usiiwashie jiko.