Nyaraka za Mrima: safari ndefu ya kuunganisha yaliyotawanyika

Nchi ya Mrima, inayoanzia fukwe za Bagamoyo na Saadani, ikapanda taratibu hadi Miono na Mandera, imeandikwa kwa muda mrefu. Lakini kila aliyeiandika alizihifadhi karatasi zake kwake: mfanyabiashara Unguja, mmisionari Ufaransa, mtawala Berlin na London. Jitihada za leo za kuunganisha orodha za maktaba na nyaraka kwa njia ya intaneti zinatokana na mtawanyiko huo.

Katikati ya karne ya 19, Bagamoyo na Saadani zilikuwa milango ya misafara ya bara. Pembe za ndovu na watumwa viliteremshwa pwani; nguo, shanga na bunduki zikapandishwa. Biashara hiyo iliendeshwa kwa mikopo ya matajiri wa Unguja, na mkopo ulihitaji maandishi. Hivyo barua na hati za deni ziliandikwa kwa Kiarabu na kwa Kiswahili, zote kwa herufi za Kiarabu. Unguja ikawa ghala la kwanza la kumbukumbu za Mrima, na mkusanyiko wa miswada na vitabu vya Kiarabu uliohifadhiwa huko uliingizwa na UNESCO katika rejesta ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2003.

Kisha wakaja wamisionari. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, na mwaka 1881 wakafika Mandera, jirani na Miono. Waliandika shajara za misheni, vitabu vya ubatizo na barua kwa wakubwa wao. Nyaraka za shirika lao zimehifadhiwa Chevilly-Larue, karibu na Paris. Mapadre Baur na Le Roy walipochapisha kitabu cha safari yao, nchi za Udoe, Uzigua na Ukwere zilitokea kama Oudoé, Ouzigoua na Oukwèré. Msomaji anayetafuta kwa tahajia ya Kiswahili hawezi kukutana nazo.

Utawala wa Wajerumani ulianza kwa vita. Abushiri aliongoza upinzani wa pwani tangu 1888 hadi aliponyongwa Pangani Desemba 1889. Bwana Heri aliongoza watu wa Saadani. Makao makuu yalihamishwa kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam mwaka 1891, na majalada ya ardhi, kodi na mashauri yakaongezeka. Wakati huohuo Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Bagamoyo, alikwenda kufundisha Kiswahili Berlin, na mwaka 1903 Mjerumani Carl Velten alichapisha Desturi za Wasuaheli, kitabu ambacho Mtoro alikiandika kwa sehemu kubwa. Katika maktaba nyingi kitabu hicho kiliorodheshwa kwa jina la Velten, na Mtoro akabaki pembeni.

Waingereza walirithi majalada yaliyosalimika katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, wakaongeza yao, yakiwemo vitabu vya wilaya vilivyoeleza historia, majumbe na mipaka. Baada ya Uhuru, serikali iliunda idara ya nyaraka za taifa mwaka 1963, sheria yake ikapitishwa mwaka 1965, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu ya Taifa. Wataalamu kutoka Marburg, Ujerumani, walishirikiana na idara kupanga majalada ya Kijerumani, na orodha yao ikachapishwa mwaka 1973. UNESCO iliyatambua majalada hayo mwaka 1997. Mali sasa ilikuwa nyumbani, lakini ufunguo wake ulikuwa kitabu cha Kijerumani.

Mapinduzi ya kompyuta yalianza na orodha, si na nyaraka zenyewe. Katika miaka ya 1960 Henriette Avram wa Maktaba ya Bunge la Marekani alibuni mfumo wa MARC, uliowezesha mashine kusoma kadi za katalogi. Hata hivyo kila kadi ilisimama peke yake. Mwaka 2006 Tim Berners-Lee, mvumbuzi wa wavuti, aliweka kanuni nne za data zilizounganishwa: kila kitu kipewe anwani, anwani hiyo ifunguke kwenye wavuti, anayeifungua apate maelezo yenye maana, na maelezo hayo yaelekeze kwenye vitu vingine. Sweden iliitangaza katalogi yake ya pamoja, LIBRIS, kwa njia hiyo mwaka 2008, na Maktaba ya Bunge la Marekani ikafuata mwaka 2009. Wikidata, hazina huria ya data za namna hiyo, ilizaliwa mwaka 2012. Mwaka 2023 Baraza la Kimataifa la Nyaraka lilitoa toleo la kwanza kamili la kiwango cha kueleza nyaraka kwa mahusiano yake.

Tuchukue Saadani. Katika data zilizounganishwa mahali hapo pana anwani moja. Tahajia ya Kijerumani, ile ya Kiingereza na ile ya herufi za Kiarabu zote hubandikwa kwenye anwani hiyo, kila moja ikiwa na lugha na kipindi chake. Miono nayo huelezwa kuwa iliwahi kuwa chini ya Bagamoyo na sasa iko Wilaya ya Chalinze, ili jalada la zamani lisipotee kwa sababu mpaka umesogezwa. Mtoro naye huunganishwa na kitabu chake kwa sentensi fupi ya sehemu tatu: mtu, uhusiano, kazi. Karatasi hubaki Dar es Salaam, Unguja, Berlin au Chevilly-Larue. Habari zake ndizo zinazokutana.

Kilichobadilika katika karne hizi mbili ni njia ya kufikia maandishi. Kisichobadilika ni kwamba anayeandika orodha ndiye anayeamua nini kitaonekana. Mashine itaunganisha alichoandika karani wa Kijerumani kwa utiifu uleule itakaounganisha alichoandika mkutubi wa Tanzania. Kwa hiyo kazi ya kizazi hiki ni kuandika maelezo ya Kiswahili, kusahihisha majina ya mito, vijiji na majumbe kwa msaada wa Wakwere, Wadoe na Wazigua wenyewe, na kuzilipa taasisi zetu gharama ya kudumisha anwani hizo. Bila hayo, mtandao mpya utasambaza kwa kasi kubwa zaidi picha ya Mrima iliyochorwa na wageni.