Malale na Tabia ya Mtu

Tangu zamani watu hubishana: tabia ya mtu hutoka wapi? Wengine husema hutoka katika malezi, wengine husema mtu huzaliwa nayo, na wengine humtafuta mchawi. Tutazame historia ya ugonjwa mmoja ujulikanao katika nchi zetu za misitu na mbung'o, maana unatufundisha jinsi mwili uwezavyo kuigeuza tabia, na mahali ambapo somo hilo limepotoshwa.

Ugonjwa huo ni malale. Mwaka 1901 madaktari wa misioni ya Mengo, Uganda, waliutambua kwa wagonjwa wao. Kabla pigo lile halijakwisha, watu zaidi ya 200,000 walikufa kandokando ya Ziwa Viktoria na visiwani mwake. Mwaka 1902 Aldo Castellani aliona vijidudu katika maji yauzungukayo ubongo na uti wa mgongo, na mwaka 1903 David Bruce alionyesha ya kuwa huenezwa na mbung'o. Huku kusini ugonjwa ulionekana karibu na mto Ruvuma kabla ya Vita Kuu ya 1914. Katika miaka ya 1940 serikali ya Waingereza iliwahamisha watu wengi wa Liwale, jirani zetu, ikawakusanya pamoja mbali na mbung'o. Mashamba ya mababu yakarudi kuwa pori.

Sasa zitazameni dalili zake. Kwanza ni homa na maumivu ya kichwa. Kisha vijidudu huingia ubongoni, na hapo mtu hugeuka. Husinzia mchana, hukesha usiku. Mpole huwa mkali, mchapa kazi huketi asijali, mwenye busara husema maneno yasiyo na maana. Mtu asiyejua atamwita mvivu, mwenda wazimu, au mwenye pepo. Lakini mwaka 1949 ilipopatikana dawa ya melasoproli, wagonjwa wengi walirudiwa na akili zao na tabia zao, ijapokuwa dawa yenyewe ilikuwa na sumu na iliwaua baadhi yao. Je, dawa ya sindano huponya uvivu? La. Basi haukuwa uvivu.

Ndivyo ilivyo na safura. Huko Marekani ya kusini watu maskini walidharauliwa kwa ulegevu, hata walipoanza kutibiwa kwa wingi, ikajulikana ya kuwa minyoo ndiyo iliyokuwa ikiwanyonya damu na nguvu.

Lakini jihadharini. Elimu hii ina ndugu wa uongo. Mwaka 1934, huko Nairobi, F. W. Vint alitangaza ya kuwa amepima bongo za Waafrika waliokufa, akaziona pungufu kuliko za Wazungu. Mwaka 1953 J. C. Carothers, aliyekuwa mkuu wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, aliandika kitabu akisema Mwafrika hautumii vema ubongo wa mbele. Daktari Lambo wa Nigeria alikuwa miongoni mwa waliompinga, na leo wataalamu hawayakubali maneno hayo.

Tofauti ni nini? Aliyechunguza malale alimtafuta mdudu, akamwona, akatafuta dawa. Aliyelaumu ubongo wa kabila zima hakutafuta dawa. Alitafuta sababu ya kumwacha mtu chini. Ubongo hukua kwa chakula cha utotoni, kwa afya, na kwa mafundisho. Asiyepewa hayo asihukumiwe kwa rangi yake.

Basi, walimu wenzangu, nanyi wazazi, mtoto akisinzia darasani au akigeuka mkali ghafula, fimbo isitangulie. Tuulize kwanza: amekula? Ana homa? Ana safura au kichocho? Apelekwe zahanati apimwe. Akionekana mzima, ndipo tumwonye, maana mwili una nguvu juu ya tabia, lakini malezi nayo yana nguvu yake. Anayejua yote mawili hatamwonea mtu.