Ibn Khaldun na Njia ya Kaole

Usidhani elimu ya jamii ilizaliwa Ulaya. Mfaransa Auguste Comte aliipa jina la sosiolojia katika karne ya 19. Ibn Khaldun wa Tunis alikwisha andika Muqaddima yake mwaka 1377. Humo alieleza asabiya, yaani mshikamano ambao shida huukaza na anasa huulegeza, hata dola kwa kawaida isipite vizazi vitatu. Wito wa dini nao, alisema, hausimami pasipo mshikamano huo.

Utokapo Mlingotini kwenda Bagamoyo unapita magofu ya Kaole. Sisemi anasa ndiyo iliyouhamisha mji ule. Mikoko nayo iliziba bandari yake. Lakini Mlingotini leo, chombo kinapopandishwa pwani, au kaburi linapochimbwa, nani huja bila kuitwa? Ibn Khaldun angeanza kuhesabu hapo, si kwenye majumba.