Kingamwili za virusi vya korona

Kingamwili za virusi vya korona ni protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na virusi vya jamii hiyo, hasa SARS-CoV-2, kinacholeta UVIKO-19. Hutolewa na seli B, ambazo ni aina ya chembe nyeupe za damu. Shabaha yake kuu ni mwiba wa protini uliochomoza juu ya kirusi, ambao hushika kipokezi cha ACE2 kwenye seli za binadamu. Kingamwili ikiganda mahali hapo, kirusi hukosa mlango wa kuingilia. Lakini nyingi huganda kwingineko bila kukizuia, na ndiyo sababu kipimo kinachoonyesha tu kwamba kingamwili zipo hakimhakikishii mtu usalama.

Kwa kawaida kingamwili huanza kuonekana kwenye damu kati ya wiki ya kwanza na ya tatu tangu dalili zijitokeze. Mafundisho ya kawaida ni kwamba aina ya kingamwili iitwayo IgM hutangulia na ile iitwayo IgG hufuata. Katika UVIKO-19 aina hizo, pamoja na IgA, mara nyingi huibuka karibu kwa wakati mmoja. IgA ndiyo hulinda utando wa pua na koo, anakopitia mvamizi, ila hupungua mapema. Waliougua sana huwa na kiwango kikubwa kuliko walioumwa kidogo, na wachache hawapati kiwango cha kupimika.

Katikati ya mwaka 2020 habari zilienea kwamba kingamwili za waliopona zilikuwa zikishuka baada ya miezi michache, na wengi wakahitimisha kuwa kinga ya korona haidumu. Hofu hiyo ilizidi kiasi. Kiwango cha mwanzo hupanda kwa kazi ya seli za plazima (seli B zilizokomaa) za muda mfupi, nazo zikishamaliza kazi hufa. Hivyo kushuka ni jambo la kutarajiwa baada ya maambukizi yoyote. Baadaye mteremko hupungua kasi, kwa kuwa seli nyingine za plazima huhamia kwenye uboho wa mifupa na kuendelea kutoa kingamwili kidogo kidogo. Nusu ya IgG iliyomo kwenye damu hutoweka kwa takriban wiki tatu, kwa hiyo IgG inayopatikana mwaka mmoja baadaye haiwezi kuwa ile ya siku za ugonjwa: kuna mahali inatengenezwa upya. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini St. Louis, Marekani, walizikuta seli hizo kwenye uboho wa wengi wa watu waliowapima, miezi saba hivi baada ya kuugua kidogo tu.

Zaidi ya hizo kuna seli B za kumbukumbu, ambazo hazitoi kingamwili mpaka kirusi kirudi. Ndani ya tezi za limfu jeni zao hubadilika na zile zinazoshika vizuri zaidi huchaguliwa, kazi inayoendelea kwa miezi. Hivyo kingamwili za baadaye, ingawa ni chache, huwa bora kuliko za mwanzo.

Kinga hii haizuii kila mara kuambukizwa tena. Jambo hilo lilijulikana zamani kwa korona za mafua ya kawaida: katika jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 1990, watu waliopewa kirusi cha 229E walipewa tena baada ya mwaka mmoja, na wengi waliambukizwa lakini hawakuugua mafua. Kwa SARS-CoV-2, maambukizi ya pili ya kwanza kuthibitishwa yalitangazwa Hong Kong Agosti 2020, naye mgonjwa hakuwa na dalili. Kirusi cha aina ya Omicron, kilichotangazwa kusini mwa Afrika Novemba 2021, kilikuwa na mabadiliko mengi kwenye mwiba kiasi cha kuzikwepa kingamwili nyingi za awali. Hata hivyo kinga dhidi ya ugonjwa mkali ilipungua kidogo kuliko ile ya kuambukizwa, kwa sehemu kutokana na msaada wa seli T, aina nyingine ya chembe nyeupe za damu.

Kingamwili hutumika pia kukadiria ueneaji. Nchini Kenya, watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust, Kilifi, walipima damu ya wachangiaji 3,098 kati ya Aprili na Juni 2020 na kukadiria kwamba asilimia 4.3 ya watu nchini walikuwa wameshaambukizwa, wengi kuliko wagonjwa waliosajiliwa.

Mtu aliyeugua kisha akachanjwa hupata kinga mseto, ambayo kwa kawaida ni imara kuliko ya ugonjwa peke yake.