Hataza: Mvumbuzi Afichue Kiasi Gani?

Fundi wa Wusi, kwenye milima ya Taita, akibuni leo mashine ya kuchakata mkonge wa wasusi wa vikapu, hapewi hataza kwa kuandika tu kwamba mashine yake ni ya kasi. Sheria inamtaka aeleze ngoma ina visu vingapi, visu vimepishana na bamba kwa nafasi gani, nguvu inatoka wapi, kisha aambatishe michoro.

Sharti hilo lilichukua muda mrefu kukomaa. Uingereza, ambako sheria yetu ina mizizi, ilitoa hataza kwa miaka mingi bila kudai maelezo ya kina. Mwaka 1778, katika kesi ya Liardet dhidi ya Johnson kuhusu lipu ya kuta, Jaji Mansfield alisisitiza kwamba maelezo ya mvumbuzi lazima yawawezeshe wengine kuunda kitu hicho. Mwaka 1785, Richard Arkwright, tajiri wa viwanda vya pamba, alionja ukali wa msimamo huo. Maelezo na michoro ya mashine zake ilijaa mafumbo, na mahakama ikafuta hataza yake.

Kenya nayo ilirithi sheria ya kikoloni iliyosajili tu hataza zilizokwisha kutolewa Uingereza. Mvumbuzi wa Taita alilazimika kupitia London kwanza. Sheria ya Mali ya Viwandani ya 1989, iliyoanza kutumika 1990, ndiyo iliyoleta kazi ya kutoa hataza Nairobi. Ile ya 2001 ikaunda Taasisi ya Mali ya Viwandani ya Kenya (KIPI), na kifungu chake cha 34 kinadai angalau njia moja ya kutekeleza uvumbuzi, ielezwe kwa ukamilifu na uwazi hadi mtu mwenye ujuzi wa kawaida wa fani hiyo aweze kuutumia.

Hayo ni makubaliano ya haki. Mvumbuzi hulindwa miaka 20 tangu siku ya kuwasilisha ombi. Muda ukiisha, maarifa ni ya wote. Anayeficha kiini cha kazi yake anataka ulinzi bila kuulipia.

Kwa hiyo, fundi, kabla ya kupeleka ombi, mpe maelezo yako mwenzako wa kazi unayemwamini kutunza siri. Akishindwa kuunda mashine kwa kuyasoma, rudi ukayaandike upya.