Nakshi za rangi ukutani: Unyevu ndio mtihani wa kwanza Kilimanjaro

Wakazi wa Moshi na vijiji vya mlimani wanaotaka nyumba ipendeze bila kununua mawe ya marumaru au mbao za mninga wanaweza kuviiga vitu hivyo kwa rangi. Hata hivyo, nakshi hizo hudumu pale tu ukuta unapokuwa umekauka sawasawa.

Miteremko ya kusini ya Mlima Kilimanjaro, zikiwamo Machame, Kibosho na Marangu, hupata mvua nyingi kuliko mji wa Moshi ulioko chini yake, hasa wakati wa masika, Machi hadi Mei. Maji hupanda kutoka kwenye msingi au hupenya katika nyufa. Rangi ya mafuta, ambayo hupendwa kwa mng'ao wake, haipitishi mvuke. Unyevu unaponaswa nyuma yake, rangi huvimba na kubanduka, na gharama yote ikapotea.

Kupima ukuta ni rahisi. Kipande cha nailoni hubandikwa kwa utepe pande zote na kuachwa kwa siku moja au mbili. Matone yakionekana upande wa ndani unaogusa ukuta, kazi isubiri. Lipu mpya huachwa walau wiki nne, na zaidi wakati wa mvua.

Ili kuiga marumaru, ukuta hulainishwa, hupakwa praima, kisha rangi nyeupe au ya kijivu hafifu. Ikishakauka, hupakwa utando mwembamba wa rangi iliyozimuliwa, na kabla haujakauka mishipa ya jiwe huchorwa kwa brashi nyembamba au unyoya, kisha kingo zake hufifishwa kwa brashi kavu. Vanishi humalizia.

Milango ya mbao nafuu za paini na saiprasi, miti inayopandwa katika mashamba ya misitu ya Kilimanjaro, inaweza kufanana na mninga. Rangi ya msingi huwa ya hudhurungi hafifu. Juu yake hupakwa nyingine iliyokoza zaidi, ambayo huburutwa kwa kitana ikiwa mbichi ili itoe nyuzi za mbao.

Wanaopenda picha za vitu tuli hawana haja ya kunakili matunda ya Ulaya. Mkungu wa ndizi, kibuyu cha mbege au kikapu cha kahawa vinatosha. Mchoraji Sam Ntiro (1923-1993), mzaliwa wa Machame aliyesoma Makerere na London, alichora maisha ya Wachagga. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, imo katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa, New York.

Tahadhari kubwa ni kwa nyumba za zamani. Rangi kuukuu inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Rangi hiyo isikwanguliwe kavu: ilowanishwe kwanza, watoto na wajawazito waondolewe, na vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi.

Kwa mwenye fedha kidogo, mfereji wa maji ya paa na ufa wa ukuta vitangulie. Marumaru ya brashi yafuate.